Aliyejibu Quatre

Tulimzika Muzee Sylvestre juma lililopita. Kwenye kilio chake, katika ua wa nyumba yake ya mbao mtaani Katindo, Goma, nilisikia kwa mara nyingine ile hadithi ya sauti. Aliyeisimulia alikuwa mjukuu wake, binti ambaye mwaka wa tukio hilo hakuwa amezaliwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya wali na maharagwe magotini, akawaeleza wenzake kwamba marehemu babu yake aliwahi kuwa nahodha wa chombo cha tanga hapa ziwani Kivu, chombo cha kupeleka msaada, na kwamba msichana mmoja wa chombo hicho aliuawa na mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini kwetu, huku sauti yake ikiendelea kujibu kwenye hesabu. "Alikuwa amesha kufa, na akajibu," alisema. "Batu bote balisikia." Wenzake wakaacha kula. Mmoja akajifunika kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Mimi nilikuwa nyuma yao na kikombe cha chai, wakanisogezea kiti bila kujua kwamba nilikuwamo kwenye chombo hicho, nami nikakaa nikasikiliza hadi mwisho kama mgeni. Alisimulia vizuri, sina la kumlaumu. Kosa lilikuwa moja tu, na kosa hilo nililizua mimi mwenyewe. Yule msichana hakujibu. Niliyejibu ni mimi.

Upande wa pili wa ua, kwenye mikeka ya wamama, alikuwa amekaa Mama Solange, mama mzazi wa huyo msichana. Siku hizi anatembea na fimbo, na jicho lake moja limeingia ukungu, lakini aliniona kabla sijamwona. Nilipopita kumsalimu alinishika mkono akanivuta chini. "Mado, dimanche utakuya?" Nikamjibu, "Nitakuya, Mama." Kila mwaka, karibu na siku aliyokufa mwanawe, mimi huenda kwake mtaa wa Mapendo na sukari na sabuni, na kila mwaka, tukishamaliza chai, huniuliza swali lilelile: mwanangu alijibu namna gani? Nami humjibu. Nimemdanganya mama wa watu kwa koo langu miaka ishirini na saba, na kila mara hunishukuru. Nikiwa nyuma ya pikipiki kurudi nyumbani niliamua kwamba Jumapili hii nitamwambia ukweli, hata akinifukuza. Muzee Sylvestre amekufa, mama anazeeka, na nikichelewa zaidi nitabaki na neno hili peke yangu. Nilikuwa na hofu, nasema wazi. Nina miaka arobaini na sita, ni mwalimu, watoto sitini huninyamazia nikiinua kidole, na nilikuwa na hofu ya bibi mwenye fimbo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nimekaa tu. Baada ya misa moja Père, padri wetu, alitangaza kwamba kwenye kisiwa cha Idjwi kuna nyumba ya kujifungulia ambamo wamama wanazalia kwenye mikeka, na kwamba parokia imekusanya magodoro ya kuwapelekea. Boti za injini zilikuwepo, tena nyingi, lakini Père alitaka tanga. Alisema watu wa ufuoni wakiona tanga jeupe watauliza, na wakiuliza watatoa. Mabaharia wachukuliwe mmoja mmoja kutoka mitaa mbalimbali, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba kazi ya Mungu imeshikwa na ukoo wa fulani. Ndiyo maana tulikuwa wageni sisi kwa sisi. Nimeifikiria hekima hiyo mara nyingi tangu wakati ule. Kama tungekuwa majirani, mtu mmoja tu angesema palepale, "Ni Mado huyo, anachezacheza," na mambo mengi yasingetokea.

Tulikuwa tukikutana katika ghala nyuma ya parokia, chumba kirefu ambacho sakafu yake ilikuwa lava yenyewe, nyeusi, imesuguliwa kidogo kwa nyundo ili isikate miguu. Chumba hicho zamani kilikuwa ghorofani. Lava ilipopita mjini ilijaza kile cha chini hadi darini, ikapoa, na watu wakaendelea kutumia cha juu kama kwamba ndicho kilichojengwa kwanza. Claude, mchomeleaji, alipenda kugonga sakafu kwa nyundo na kuweka sikio. Kuna mahali palijibu kwa sauti nzito ya jiwe, na kuna kona moja, karibu na mlango, palijibu kwa sauti ya uwazi. "Huku chini kuko fasi," alisema. "Lava haikujaza yote. Pengine kiti ya secrétaire iko bado inasimama." Basi tukawa tunaizunguka kona hiyo tukibeba vitu, bila mtu kutuambia. Innocent, karani kutoka upande wa Bukavu, Mkatoliki wa kweli, aliyekuja na mwavuli hata siku za kiangazi, alikuwa akiinamisha kichwa kidogo kila akipita pale. Nilimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu nilijikuta nami nainamisha.

Chakula kilikuwa cha Mama Béa, muuza vitenge mwenye mikono minene na maneno mengi, ambaye alisema haogopi maji ila anaogopa watu wenye njaa. Sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani kwetu, bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa hadi ikaiva kabisa, chai ya tangawizi inayounguza ulimi. Tulikula tumezunguka tanga. Lilikuwa limetandikwa chumba kizima, la maturubai meupe yaliyounganishwa, na mimi na Solange ndio tuliopewa kulishona kwa sindano za magunia. Solange alitoka Mapendo, mrefu, mvivu kidogo kwa kuamka, mwenye sauti nzito iliyochoka mwishoni mwa kila neno, kana kwamba anataka kulala kabla halijaisha. Shuleni kwetu nilikuwa fundi wa jambo moja. Mwalimu alipoita majina, niliwajibia wenzangu waliotoroka, "présent", yaani nipo, kila mmoja kwa sauti yake, wanne hata watano kwa asubuhi moja, na sikukamatwa kamwe. Siku moja, tukiwa wawili ghalani, nilimjibu Solange kwa sauti yake mwenyewe. Aliacha sindano. Alicheka hadi machozi, kisha akaniangalia bila kucheka. "Weye Mado, uko unaiba sauti za batu. Siku moja mutu atakuya kukamata yake." Tukacheka tena, na hatukumwonyesha mwingine.

Muzee Sylvestre alikuwa na desturi zake. Alikuwa amefanya kazi kwenye majahazi ya mizigo maisha yake yote, mtu mfupi, mkavu, asiyerudia neno. Alituambia kwamba akiwa majini hamwiti mtu jina. "Ku ziwa hatuitake mutu jina," alisema. "Unaita Claude, na haujue nani atajibu." Kwa hiyo kila mmoja alipewa namba, moja hadi tano, kwa Kifaransa kama tunavyohesabu kila kitu hapa Goma. Innocent alikuwa un, Claude deux, mimi trois, Solange quatre, Mama Béa cinq. Muzee alipopiga ubao mara mbili kwa ngumi, tulijibu kwa zamu. Tulifanya mazoezi ghalani hadi ikawa mchezo, na Solange alikuwa akivuta yake, "katreee," kwa uvivu, hadi Muzee akamkemea. Nakumbuka pia mazungumzo niliyoyasikia nikikata kamba chini ya dirisha, Muzee na Père wakiwa nje. "Père, ile fasi ya kwenda Lac Vert haiko muzuri asubui. Kama upepo inakufa, tutalala wapi na chombo?" Père akasema upepo hautakufa, na kwamba wamama wa kijiji hicho cha ufuoni wameshashona mashuka na wanangoja tuyapitie. Nilisikia tu Muzee akikohoa. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka safari.

Tuliondoka alfajiri, baada ya baraka. Magodoro yalikuwa kumi na manne, yamefungwa kwenye plastiki, yamepangwa katikati ya chombo hadi usawa wa kifua, na Mama Béa akakaa juu yake kama malkia. Watu wa bandarini walipiga makofi tanga lilipojaa. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Kwa saa nzima tulikwenda bila sauti ya injini, tukipita karibu na kuta nyeusi za ufuo, na watoto wakatukimbilia juu yake wakipunga mikono. Solange alianza kutapika mapema. Muzee alimwangalia mara moja, akasema, "Quatre, kama uko mugonjwa nitakuacha na bale bamama ba Lac Vert. Sibebake mugonjwa." Akafuta mdomo akasema haumwi. Alitaka sana kufika Idjwi. Alikuwa amewaahidi watu wa Mapendo kwamba atarudi na mananasi.

Kisha ukungu ukashuka kutoka milimani. Tulikutana na wavuvi wa sambaza wakirudi, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa kupokezana kama kawaida yao. Walipofika sambamba na mkono fulani wa ufuo uliochongoka ziwani wakanyamaza wote kwa pamoja, wakapiga makasia kimyakimya, na walipoupita wakaanza tena pale walipoachia. Innocent aliwauliza kwa nini. Mmoja wao akageuka nusu, akasema, "Hapa hatuimbake," akarudi kwenye kasia lake. Dakika chache baadaye tanga likalegea. Upepo haukupungua polepole, ulikwisha tu. Turubai likaning'inia, maji yakawa bapa, na nikasikia vitu ambavyo huwezi kuvisikia ziwani: tumbo la Claude, pete ya Mama Béa ikigusa sufuria. Muzee akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema tupige makasia hadi ufuo mdogo wa mawe meusi uliokuwa karibu, tungojee hapo jua.

Kabla ya kutushusha aliwasha karatasi ya gazeti. Akashuka peke yake, akasimama kwenye mawe, akaipeleka chini taratibu. Kiunoni iliwaka. Kwenye goti ilianza kusinzia. Alipoifikisha kwenye shimo lililokuwa katikati ya mawe, moto ulizimika, bila upepo, bila moshi wa kupaa, moshi wenyewe ukalala kando. "Munaona? Mazuku," akasema. "Haiko na harufu, haiko na rangi. Inaikalaka chini. Asubui njo iko nyingi, jua haijaipiga. Mutakamata majiwe ya juu, mutasimama. Hapana kuikala chini, hapana kulala, hapana kuinama." Karibu na mguu wake kulikuwa na mjusi na ndege mdogo wa kijani, wamelala ubavu, manyoya ya ndege yakiwa safi kabisa. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyowaogopa wale viumbe wawili wasio na jeraha. Kila kitu kingine kilikuwa cha kawaida, maua ya njano kwenye nyufa, asubuhi ya kila siku, na hewa hiyo ilikuwa pale, imejaa hadi magotini mwa Muzee.

Tulipanda kwenye mwamba, tukasimama kama watu wanaongoja basi. Muzee alirudi chomboni kushughulikia kamba iliyokwama mlingotini, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulimwona kiunoni kwenda juu tu. Solange alikuwa amesimama kando yangu. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Akanong'ona, "Mado, miguu yangu haikamate tena. Nitaenda pale nyuma ya ile jiwe, njo juu zaidi, niegeme kidogo." Jiwe kweli lilikuwa juu zaidi. Hatukujua kwamba nyuma yake kulikuwa na shimo lenye kina cha mtu aliyeketi. Nikamwambia, "Muzee asikuone." Akatabasamu. "Akihesabu, unijibie." Nikasema, "Nitakujibia." Hayo ndiyo maneno yote. Hatukuona ubaya wowote, maana ndivyo nilivyokuwa nimewafanyia wenzangu miaka yote ya shule mbele ya mwalimu.

Haukupita muda, ngumi ikapiga ubao mara mbili. "Un," akasema Innocent. "Deux." "Trois," nikasema. Kisha nikageuza uso kuelekea jiwe, nikalegeza koo, nikasema kwa uvivu, nikiuvuta mwisho wake, "Quatre." "Cinq," akasema Mama Béa nyuma yangu, akipiga miayo. Kwenye ukungu kichwa cha Muzee kiliinuka. Halafu akarudi kwenye kamba yake. Lazima niseme nilichosikia moyoni wakati huo, kwa sababu ndicho nilichokificha kuliko vyote: nilifurahi. Sauti ilikuwa imetoka vizuri mno, vizuri kuliko ghalani. Nilitamani angekuwa ameamka aisikie.

Ilichukua kama robo saa. Jua likapasua ukungu, tanga likatikisika, Muzee akaita tupande haraka, akapiga ubao. "Un." "Deux." "Trois." Hakuna kitu. Nilikuwa nimeshageuka kutazama jiwe. "Quatre?" akaita Muzee. "Quatre!" Claude alikimbia kwanza, mimi nyuma yake. Solange alikuwa amelala ubavu kwenye shimo, kitenge kimekunjwa chini ya kichwa, mkono mmoja chini ya shavu, kama mtu aliyelala vizuri nyumbani kwake. Claude akaruka ndani, akamwinamia, na magoti yake yakakunjika palepale. Muzee alifika akamshika shati akamvuta juu, akipiga kelele, "Usiiname! Usiiname!" Tulimtoa Solange kwa kamba na kasia. Tulimlaza juu ya mwamba, Mama Béa akampuliza kinywani, akampiga kifua, akamwita kwa jina lake, akavunja desturi, akaliita jina hilo ziwa zima. Claude alikuwa kando akitapika. Solange hakurudi.

Kisha Muzee akasema, polepole, "Lakini alijibu." Innocent akafanya ishara ya msalaba. "Mimi nilimusikia. Ilikuwa sauti yake kabisa." Mama Béa, bado ameshika kichwa cha Solange mapajani, akasema kwamba naye alisikia, tena nyuma ya jiwe. Claude akafuta mdomo. Alikuwa amemgusa kwanza. "Huyu amekufa zamani," akasema. "Mbele ya hesabu." Sijui kama ilikuwa kweli. Hakuna anayejua. Pengine alikuwa amekufa, pengine alikuwa hai bado, na kama ningenyamaza Muzee angemtafuta robo saa mapema na tungemtoa akikohoa. "Sasa kama alikuwa amekufa," Innocent akauliza, "nani alijibu?" Wote wakageuka kutazama mawe. Kinywa changu kilikuwa wazi, neno lilikuwa tayari. Lakini walikuwa na nyuso ambazo sijawahi kuziona kwa watu, na mimi pia, Mungu anisamehe, nikageuka nikatazama mawe pamoja nao. Nilipogeuka hivyo, nilikuwa nimeshadanganya.

Tulirudi Goma naye juu ya magodoro mapya, kwenye plastiki yao. Innocent alimkingia uso kwa mwavuli wake njia nzima, asikubali kupokelewa. Upepo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Hakuna aliyehesabu. Nilikaa karibu na miguu ya Solange nikijiambia kwamba nitasema bandarini, na bandarini nikajiambia nitasema kwenye kilio. Kule Mapendo, sebuleni kwa Mama Solange, wakati watu wamejaa hadi uani na makochi yametolewa nje, mama aliniita mbele ya wote. Alikuwa ameshasikia. "Weye ulikuwa karibu yake. Mutoto yangu alijibu aje?" Nilianza kulia, kisha nikasema neno, na badala ya kulisema kwa sauti yangu, lilitoka kwa sauti ya Solange. Sikupanga. Mama akafumba macho akatikisa kichwa taratibu. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa."

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliiishi pembeni. Magodoro yalipelekwa na boti ya injini, na sisi hatukualikwa wala hatukuuliza. Wenzangu walitawanyika kwenye mitaa yao, kila mmoja na hadithi yake, nami nikawa nakutana nayo sokoni, kwenye foleni ya maji, ikinenepa kila juma. Sauti iliita mara mbili. Sauti iliita jina la mama. Kuna mwanamke alinieleza mimi mwenyewe, huku akinipimia unga, kwamba kwenye chombo kile kulikuwa na mtu wa ziada. Nikaanza kuwa na mashaka na kumbukumbu yangu. Nililala nikijiuliza kama kweli nilifungua kinywa, au kama nami nilisikia tu. Na kuna jambo baya zaidi. Jirani alikuwa akiniita kutoka uani, nami nikiwa na mawazo mengine namjibu, "Niko," halafu nasimama katikati ya chumba nimeganda, kwa sababu haikuwa sauti yangu. Nikaacha kuiga watu. Nilipokuwa mwalimu, mwaka uliofuata, niliita majina nikitazama nyuso, mtoto mmoja baada ya mwingine, na hadi leo wanafunzi wangu wanadhani ni ukali tu.

Jumapili nilikwenda. Mama Solange alikuwa peke yake, anachambua maharagwe kwenye ungo, pazia limeshushwa kwa sababu ya jicho lake. Tulizungumza kuhusu maziko ya Muzee, kuhusu chai ya kilio iliyokuwa nyepesi. Kisha akaweka ungo kando, akakunja mikono, akauliza kama kila mwaka, "Sasa uniambie. Alijibu aje?" Nikamwambia, "Mama, hakujibu. Mimi njo nilijibu. Aliniomba nimujibie, nikamujibia. Kama ningenyamaza, pengine wangemutafuta." Nililisema lote bila kupumua, nikitazama miguu yangu. Nilingoja anipige na ile fimbo, na nilitaka anipige.

"Nilijuaka," akasema. Nikainua uso. "Sylvestre aliniambiaka, siku ya tatu ya kilio. Alisema trois na quatre bilitoka fasi moja. Alisikia, akazani munacheza, akaendelea na kamba yake. Alisema kosa iko yake, nisikuulize." Nikamwuliza, "Sasa juu ya nini uliniulizaka kila mwaka?" Alionyesha ukutani, picha ndogo ya Solange akiwa na sare ya shule, imepauka rangi. "Uso yake niko nayo. Sauti yake hatukuishika fasi yoyote. Wakati ile tulikuwa na cassette gani? Iko kwako tu. Ukikuyaka, unanipatiaka neno moja. Sikuweza kukuomba ingine, ungejua ninajua, na haungekuya tena." Akanisogelea, akanishika goti, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Sasa tumesha kujuana. Sema ingine. Sema: Mama, nimerudi."

Sikujua kama ni dhambi. Bado sijui. Nilijua tu kwamba ananiomba, na kwamba nina deni la robo saa ambalo siwezi kulilipa kwa njia nyingine. Nilitoka nje hadi mlangoni, kwa sababu sikuweza kulisema tukitazamana. Nikalegeza koo. Nina miaka arobaini na sita, nimepiga kelele darasani nusu ya maisha yangu, sauti yangu imekwaruzika, lakini ile ilitoka ileile, ya miaka kumi na tisa, nzito, mvivu, ikichoka mwishoni. "Mama, nimerudi." Ndani nikasikia kiti kikisogea, na Mama Solange akajibu kwa ukali, kama mama yeyote ambaye chakula chake kimepoa.

"Umekawia wapi, we mutoto?"